Kusoma Sosholojia Dodoma: Mwongozo Kamili Kuanzia Fomu ya Udahili Hadi Chumba cha Usaili

Tanzania nzima ni vigumu kukuta mlango wa ofisi ulioandikwa "Mwanasosholojia". Muuguzi anajua wodi yake, mhasibu anajua vitabu vyake, mwalimu anajua darasa lake. Mhitimu wa sosholojia huingia kazini kwa majina mengine: Afisa Maendeleo ya Jamii, afisa miradi, mtafiti msaidizi, mtaalamu wa masuala ya kijamii kwenye mradi wa barabara. Ukilijua hilo kabla hujajaza fomu, miaka yako 3 ya chuo utaipanga vingine kabisa. Ukilijua siku ya joho, utakuwa umechelewa, ingawa bado utakuwa na njia.

Nawaandikia wanaofikiria kuisoma fani hii chuo cha umma, na macho yangu yako Dodoma. Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilianzishwa mwaka 2007 kwenye vilima vya Chimwaga, na tangu Serikali ihamie huku kwa kishindo baada ya mwaka 2016, mwanafunzi wa sosholojia hapa ana nafasi ambayo wenzake wa miji mingine hawana. Asubuhi anaweza kuwa Mtumba kwenye Mji wa Serikali, sera zinakoandikwa, na mchana akawa Bahi au Chamwino akiwauliza watu kama sera hizo zimewafikia. Wengi wanamaliza chuo bila kuitumia nafasi hiyo hata mara moja.

Hatua ya 1: Hakikisha ni sosholojia unayoitaka

Katika matangazo ya kazi ya Serikali fani hii huitwa pia Elimu ya Jamii. Inachunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja: ukoo, ndoa, kazi, dini, umaskini, madaraka, miji, uhalifu, afya. Maelezo hayo ni mapana mno kumsaidia mtu kuamua, kwa hiyo nikupe mfano wa hapa hapa kanda ya kati.

Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Kongwa ikawa moja ya vituo vyake vikuu. Matrekta yakaletwa, vichaka vikafyekwa, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa na mamilioni ya pauni yameteketea. Mtaalamu wa udongo atakueleza kuhusu ardhi inayokakamaa kiangazi. Mtaalamu wa hali ya hewa atakueleza kuhusu mvua. Mwanasosholojia atauliza: Mgogo aliyeishi na ukame huo vizazi na vizazi, kuna aliyekwenda kumsikiliza? Miaka ya 1970 na 1971 ikaja Operesheni Dodoma, watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa. Mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, mifugo ikaondolewa kwenye eneo la Kondoa lililoliwa na mmomonyoko. Majani yalirudi, hilo halina ubishi. Lakini ng'ombe walikwenda kwa nani? Ni kaya zipi zilikosa maziwa na samadi, na ni nani aliyepata shamba mahali palipokuwa malisho?

Kama maswali ya namna hii yanakuwasha, fani ni yako. Kama unachokitaka ni kumshika mkono mtoto aliyeteswa au kumsindikiza mgonjwa asiye na ndugu, basi moyo wako uko ustawi wa jamii, na ni heri uende Taasisi ya Ustawi wa Jamii au chuo kingine kinachofundisha fani hiyo. Kama unataka kukaa na vikundi vya akina mama na vijana na kuandaa miradi yao, iangalie shahada ya maendeleo ya jamii. Kama unapenda bajeti na mipango, Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kiko hapa hapa Dodoma. Fani hizi nne hugombania nafasi zile zile za kazi, jambo nitakalolirudia huko mbele.

Na wanaosema moyoni "nikikosa kazi nitafundisha" niwatahadharishe mapema. Sosholojia haifundishwi kama somo katika sekondari zetu. Anayeutaka ualimu achukue shahada ya ualimu tangu mwanzo, asipitie dirishani.

Hatua ya 2: Sifa na maombi

Hapa sina mengi. Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016, kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ni principal mbili zenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Wa tahasusi za HGL, HGK, HKL na HGE ndio wengi darasani. Mwenye stashahada anahitaji GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba tu. Chuo kinaweza kudai zaidi. Kila mwaka TCU hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili kwenye tovuti yake. Kipakue mwenyewe, tafuta UDOM, tafuta Shahada ya Sanaa katika Sosholojia, usome masomo yanayotakiwa. Usiridhike na kipande cha picha kilichotumwa kwenye kundi la WhatsApp.

Maombi hupelekwa moja kwa moja kwenye mfumo wa chuo husika, na si kupitia TCU. Ukichaguliwa vyuo viwili au zaidi, utatumiwa namba ya siri kwa ujumbe mfupi uthibitishe kimoja. Kuna vijana wanaokosa chuo kwa sababu laini iliyosajiliwa ni ya mjomba na mjomba yuko machimboni. Tumia laini yako. Na kama umeitwa JKT kwa mujibu wa sheria, mwachie mtu mmoja unayemwamini namba zako za kuingilia kwenye mfumo, maana kambini hutakuwa na simu.

Hatua ya 3: Mkopo

Dirisha la Bodi ya Mikopo, HESLB, huwa wazi kwa wiki chache katikati ya mwaka, lakini karatasi zinazotakiwa huchukua muda kuliko dirisha lenyewe. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA. Kama umefiwa na mzazi, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Kama kaya yenu imo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, tafuta namba ya kaya mapema kwa mtendaji wa kijiji. Unahitaji mdhamini mwenye kitambulisho, saini na mhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, na kiapo mbele ya hakimu au wakili. Kwa mtu wa kijijini Mpwapwa au Chemba hiyo ni safari ya siku kadhaa na nauli zake. Anza Machi.

Tena kozi za sanaa na sayansi za jamii kwa miaka mingi hazikuwekwa kwenye kundi la kwanza la kipaumbele. Udaktari, uhandisi na ualimu wa sayansi ndizo zilizotangulia. Kwa hiyo usipige hesabu za maisha kana kwamba utapata asilimia mia. Familia ikae kikao mapema: ada inayobaki inalipwa na nani, na bumu, yaani pesa ya kujikimu, likichelewa mtoto anakula wapi? Ukiajiriwa, marejesho ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi.

Hatua ya 4: Mwaka wa kwanza na hesabu ya GPA

Shahada ni miaka 3, mihula 6. Utakutana na utangulizi wa sosholojia, nadharia za akina Marx, Durkheim na Weber, anthropolojia, masomo ya maendeleo, stadi za mawasiliano, kisha baadaye jinsia, sosholojia ya vijijini na ya miji, idadi ya watu, afya na jamii, mbinu za utafiti, takwimu. Mwulize pia mhadhiri wako kuhusu Ibn Khaldun wa karne ya 14, aliyeandika juu ya mshikamano wa makundi na kuinuka kwa dola karne nyingi kabla neno lenyewe sosholojia halijabuniwa Ufaransa.

GPA huhesabiwa kwa 5. Daraja la kwanza huanzia 4.4, la pili la juu 3.5, la pili la chini 2.7, na ufaulu wa kawaida 2.0. Anayeota kuwa mhadhiri ajue kwamba matangazo ya nafasi za kuanzia vyuoni mara nyingi hudai 3.8 na kuendelea, na 3.8 hujengwa mwaka wa kwanza. Wengi huuchezea mwaka huo kwa kuamini watafidia wa tatu. Hesabu haiwaungi mkono: alama za mihula yote hujumlishwa, na C mbili za mapema hukuburuta mpaka mwisho.

Madesa, yaani nukuu za kukariri zinazozunguka chuoni, yatakusaidia usipate sup, mtihani wa marudio. Hayatakusaidia kuandika, na fani hii humpima mtu kwa maandishi kuliko kwa kitu kingine chochote. Kila wiki soma sura moja ya kitabu, si dokezo la kitabu, kisha iandikie ukurasa mmoja kwa maneno yako. Kiingereza cha masomo huwatesa wengi mwaka wa kwanza, na sijui dawa nyingine ya ugonjwa huo.

Hatua ya 5: Jifunze kuhesabu watu, si kuwazungumzia tu

Hapa naomba uvumilivu wako, maana ndipo penye tofauti kati ya mhitimu anayepigiwa simu na anayesubiri.

Wanafunzi wengi wa sosholojia waliikimbia hesabu kidato cha nne na wanafika chuoni wakidhani wameiacha nyuma. Takwimu inawakuta mwaka wa pili, wanaipita kwa C na kuisahau. Sasa fikiria mwajiri wa mradi wa lishe anayetaka kujua kama kaya 400 za Kongwa zimebadilika baada ya miaka 2. Mbele yake wamo waombaji 60 wanaojua kueleza umaskini ni nini. Anamtafuta mmoja anayeweza kuchagua sampuli, kutunga dodoso lisilo na maswali ya kumwelekeza mtu jibu, kuwasimamia wadadisi wanaokwenda kuhoji watu, kusafisha data na kuandika ripoti ya kurasa 20 inayosomeka.

Kwa hiyo, bila kungoja kufundishwa darasani, anza na Excel uijue kweli: kupanga, kuchuja, majedwali ya muhtasari, michoro. Kisha KoboToolbox, ambayo ina kiwango cha bure na dodoso lake hujazwa kwa simu. Tunga dodoso la maswali 15 kuhusu bei ya vyumba vya wanafunzi Ng'ong'ona, au kuhusu mama lishe wa Sabasaba, uwaulize watu 40, ufanye uchambuzi. Hutakuwa umefanya utafiti wa kuchapishwa, lakini utakuwa umekosea makosa yote ya mwanzo mahali ambapo hayagharimu mtu. Baada ya hapo nenda kwenye programu ya kuchambua takwimu, SPSS au Stata, moja tu, uijue vizuri.

Upande wa pili ni mahojiano na majadiliano ya vikundi. Watu hudhani hiyo ni rahisi kwa sababu kila mtu anajua kuongea. Kazi yenyewe ni kunyamaza. Rekodi mahojiano ya nusu saa, yaandike neno kwa neno, uone ni mara ngapi umemkatiza mzee wa watu akiwa karibu kusema jambo la maana.

Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, ilifanywa kwa vishikwambi, na makarani wake wengi walikuwa vijana. Sensa huja kila baada ya miaka 10, lakini Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo makao makuu yake yako hapa Dodoma, hufanya tafiti nyingine za kaya na za afya katikati. Nafasi za wadadisi zikitangazwa, omba. Pesa yake si mbaya, ila kikubwa ni kwamba jina lako litakuwa limewahi kupita kwenye utafiti wa kitaifa, na msimamizi wako atakukumbuka mradi mwingine ukija.

Hatua ya 6: Field na risechi

Mafunzo kwa vitendo huwa ya wiki chache wakati wa likizo ndefu. Kosa la kawaida ni kwenda kufanyia field ofisi ya mkoa au wizarani kwa sababu ya jina, halafu unakaa wiki zote ukitoa fotokopi. Mtumba kuna majengo mazuri na viyoyozi, ila kazi ya kujifunza iko halmashauri na kwenye kata. Omba uwekwe kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Utaona vikundi vikisajiliwa, utakaa kwenye mikutano ya kijiji, utasikia mgogoro wa mkulima na mfugaji ukizungumzwa na wahusika wenyewe, na utaandika ripoti ambazo mtu atazisoma kweli. Wizarani peleka barua mwaka unaofuata, ukiwa na la kuwaambia.

Risechi ya mwaka wa tatu ichague karibu na miguu yako. Mada za "mchango wa mitandao ya kijamii kwa vijana wa Tanzania" zimechosha wasimamizi. Kanda hii imejaa maswali: wakulima wa zabibu na bei wanayopangiwa, wenyeji wa Iyumbu na Mtumba ambao mashamba yao yamegeuka viwanja, wamachinga waliohamishwa kutoka barabarani kwenda soko la wazi, wasichana wa kazi za ndani wanaotoka vijijini kuja kwa watumishi waliohamia, simulizi za Mtunya, njaa kuu ya Ugogo ya miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, zilizobaki kwa wazee. Swali moja dogo, kijiji kimoja au mtaa mmoja, na sampuli unayoweza kuifikia kwa daladala.

Utaratibu wa kuingia kijijini uheshimu. Chuo hukupa barua ya utambulisho. Inapita kwa Katibu Tawala au Mkurugenzi wa halmashauri, kisha mtendaji wa kata, kisha mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Ukiruka ngazi moja, utakaa chini ya mti siku nzima ukiambiwa mwenyekiti hayupo. Ukifika kwenye nyumba ya Mgogo, anza na salamu ya "mbukwenyi" na usubiri salamu imalizike kabla ya kutoa karatasi. Eleza unachotaka, omba ridhaa, na usiahidi msaada ambao hunao. Wanakijiji wa Dodoma wamehojiwa sana kwa miaka mingi, na wana haki ya kuuliza majibu yao ya mwaka juzi yalikwenda wapi.

Hatua ya 7: Soko la ajira, kwa ukweli wake

Serikalini, nafasi yako ya asili ni Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II, kwenye halmashauri. Matangazo yake hutaja Elimu ya Jamii bega kwa bega na maendeleo ya jamii, masomo ya maendeleo, mipango na usimamizi wa miradi, na jinsia na maendeleo. Maana yake ni hii: katika nafasi moja unashindana na vyuo vingi vyenye fani zaidi ya tatu. Nafasi za ustawi wa jamii huwa na masharti yake, na hubadilika. Soma kila tangazo kwa makini, usidhani. Utendaji wa kata ni njia nyingine, na wahitimu wengi wanaidharau bila sababu. Aliyewahi kuwa mtendaji wa kata anaijua nchi hii kuliko washauri wengi wa kulipwa kwa siku.

Huku kwenye miradi mikubwa ndiko naona mustakabali mzuri zaidi, na wanafunzi hawaangalii huko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kabla ya mradi, na athari hizo ni pamoja na za kijamii. Wafadhili kama Benki ya Dunia nao wana masharti yao kuhusu watu wanaohamishwa. Reli ya SGR iliyofika Dodoma mwaka 2024, uwanja wa ndege wa Msalato, bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Tanga linalopita pia katika mkoa wa Dodoma: kila mmoja umehitaji watu wa kuorodhesha kaya, kuendesha mikutano, kupokea malalamiko ya fidia, kufuatilia maisha ya waliohama. Kampuni za ushauri huajiri wasaidizi kwa mkataba wa miezi 3 au 6. Si ajira ya kudumu, na kuna miezi ya ukame. Lakini baada ya mikataba kadhaa unakuwa mtu anayetafutwa, na malipo hupanda. Soma kuhusu fidia ya ardhi ukiwa bado chuoni, hata kwa kuhudhuria darasa la sheria kama msikilizaji.

Mashirika yasiyo ya kiserikali ndiyo kila mtu huyafikiria kwanza. Yapo, ila fedha za wafadhili hupungua na kuongezeka bila kukuuliza, na nafasi za kuanzia nyingi ni za kujitolea. Jitolee kwa muda wenye mwisho unaojulikana na kwa kazi yenye jina: nataka kushika data ya mradi huu kwa miezi 4. Kujitolea kusiko na kazi maalumu ni kufagia ofisi kwa shahada.

Ukitaka shahada ya pili, usiikimbilie kwa kukosa kazi. Fanya kazi kwanza, hata ya udadisi, ndipo utajua kama unahitaji ufuatiliaji na tathmini, demografia, afya ya jamii au sosholojia yenyewe.

Hatua ya 8: Ajira Portal na usaili

Ajira nyingi za umma hupita Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwenye mfumo wa Ajira Portal. Fungua akaunti ukiwa mwaka wa tatu, ujaze kila kitu taratibu, kisha ongeza cheti cha shahada kikitoka. Hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazikubaliki badala ya vyeti halisi. Barua ya maombi isainiwe. Wapo wanaoenguliwa kwa sababu hiyo tu. Ukomo wa umri kwa kawaida ni miaka 45.

Kuna mtihani wa maandishi wa mchujo, na ukipita unaitwa usaili wa mahojiano. Kwa nafasi ya maendeleo ya jamii, nadharia za Weber hazitakutosha. Ijue Sera ya Maendeleo ya Jamii ya mwaka 1996, Sheria ya Mtoto ya 2009, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, mpango wa MTAKUWWA dhidi ya ukatili, upangaji wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, na Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050. Uijue hasa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Ukiulizwa kwa nini vikundi havirejeshi mkopo, jibu kwa mfano wa kikundi ulichokiona field, namba zake na watu wake. Wanaojibu kwa kukariri hujulikana sentensi ya pili.

Wasiofaulu kupata kituo lakini wamevuka alama hubaki kwenye kanzidata na wanaweza kupangiwa kazi baadaye, kwa hiyo usibadilishe namba ya simu. Na majina: cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha chuo na kitambulisho cha NIDA vyote visome sawasawa, herufi kwa herufi. Anayeandikwa Mazengo huku na Masengo kule hukwama siku ya usaili, na kurekebisha kwa hati iliyosajiliwa huchukua muda. Lishughulikie hilo mwaka wa pili, wakati wa likizo, kabla hujaitwa popote.